Nilisema keki haina karanga, mtoto akavimba midomo: niandike nini kwenye maboksi yangu?

Ndugu Mshauri,

Mbukwa. Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na huu ni mwaka wa nne tangu nianze kuoka nyumbani kwa ajili ya kuuza. Nilianza na skonzi na maandazi ya asubuhi, nikaongeza keki za siku ya kuzaliwa, na sasa ninatengeneza pia biskuti za karanga, kashata, mikate ya ufuta na biskuti za uwele ambazo watumishi wa ofisi za Mtumba wamezipenda sana. Ninafanya kazi na binti mmoja anayenisaidia, katika jiko lile lile ninalopikia familia yangu, nikiwa na oveni moja, trei sita na mabakuli mawili makubwa. Stika ninayobandika kwenye maboksi ina jina la biashara, picha ya keki na namba yangu ya simu, basi.

Mwezi uliopita mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniagiza keki ya ndizi kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa anatimiza miaka mitano. Aliniuliza kwenye simu kama ina karanga, kwa kuwa mtoto aliwahi kuvimba uso baada ya kula mboga iliyoungwa kwa karanga. Nilimjibu bila kusita kwamba haina, na niliamini ninasema kweli, kwa sababu sijawahi kutia karanga katika keki ile. Muda mfupi baada ya keki kukatwa, mtoto alivimba midomo, akatokwa na vipele mwili mzima na kuanza kukohoa. Walimkimbiza hospitali, akadungwa sindano, na ninamshukuru Mungu kwamba alilala huko usiku mmoja tu na kurudi nyumbani akiwa mzima.

Jambo ambalo halinitoki moyoni ni simu niliyopigiwa kutoka hospitali. Daktari alitaka kujua keki ina nini, nami nikajikuta ninajibu, "Ni vitu vya kawaida tu, daktari." Aliponiuliza majarini ni ya aina gani, na vile vipambo vya rangi vimetengenezwa kwa nini, sikuwa na jibu. Usiku ule ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi tulitangulia kuoka biskuti za karanga, na kwamba trei tulizipangusa kwa kitambaa tu kabla ya kumimina keki.

Mama wa mtoto hakunitukana. Aliniomba jambo moja, kwamba niandike kwenye maboksi yangu kila kitu kilichomo. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyenikopesha fedha za oveni, anasema nikiandika nitawatisha wateja na kuwagawia wenzangu siri ya mapishi. Rafiki yangu anayeoka pia ananishauri nichape stika ya aina moja ya kubandika kwenye bidhaa zote, yenye maneno "Inaweza kuwa na karanga, maziwa, mayai, ngano, soya na ufuta", ili asiwepo mtu wa kunidai. Nimsikilize nani? Lebo inapaswa kuandikwa nini hasa? Na mama yule ameniagiza tena keki, safari hii ya ubatizo wa mtoto wake mdogo, ambapo yule mkubwa naye atakuwepo. Nikubali?

Mwokaji wa Nkuhungu

JIBU

Dada yangu wa Nkuhungu,

Mbukwa, na pole kwa wewe na kwa familia ya mtoto. Kabla ya kuzungumza juu ya stika, ninakuomba uende nyumbani kwa mama huyo, kwa miguu yako na si kwa ujumbe wa simu, umweleze habari za trei na kitambaa kama ulivyonieleza mimi. Atakayethibitisha kilichomdhuru mtoto ni daktari, kwa vipimo, lakini daktari hawezi kuuliza vizuri ikiwa mama hajui kilichotokea jikoni mwako asubuhi ile. Taarifa hiyo ni ya mtoto, nawe ndiye pekee uliye nayo.

Ulipojibu kwamba keki haina karanga, ulikuwa unazungumza habari za mapishi, na mama alikuwa anauliza habari za keki. Kosa lote limekaa katika tofauti hiyo. Mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji, hutokea pale kinga ya mwili inapoichukulia protini ya chakula kama adui, na kwa baadhi ya watu kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, chembe ambazo jicho halizioni kwenye pembe za trei. Joto la oveni halikuokoi hapa, kwa maana protini za karanga hustahimili joto, na kuzikaanga hakuzipunguzii uwezo wa kuamsha mzio. Kitambaa kikavu nacho huhamisha mafuta na chembe za karanga kutoka trei moja hadi nyingine, na kutoka hapo hadi kwenye mikono ya binti anayekusaidia. Kwa hiyo lebo utakayoibandika itakuwa ya kweli kwa kadiri tu jiko lako linavyoifanya iwe ya kweli.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na rafiki yako, ingawa ninaelewa hofu yake. Keki yako ya ndizi haiwezi "kuwa na" ngano na mayai. Inayo, kwa hakika, na kuandika "inaweza" juu ya kitu ulichokimimina kwa mkono wako mwenyewe ni kumficha mla chakula. Upande wa pili, mzazi wa mtoto mwenye mzio akikuta onyo lile lile kwenye skonzi, kwenye kashata na kwenye mkate, atajifunza kwamba maneno yako hayamwambii lolote, na siku moja atampa mtoto kile alichopaswa kukiacha. Maneno "inaweza kuwa na" yatumike pale tu ambapo umekwisha kufanya usafi wote unaowezekana na bado hatari imebaki.

Sasa tuje kwenye vyakula vyenyewe. Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyo chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani, imeorodhesha vyakula ambavyo ni lazima vitajwe kila vinapotumika: nafaka zenye gluteni (protini inayofanya donge livutike) kama ngano, shayiri na rai, mayai, maziwa, karanga, samaki, jamii ya kamba na kaa, na jamii ya korosho na lozi. Soya imo katika orodha ya zamani inayofuatwa na nchi nyingi, na ufuta uliongezwa katika marekebisho ya mwaka 2024. Salfaiti, dawa ya kuhifadhia vyakula, nayo hutajwa ikifikia miligramu 10 kwa kila kilo, jambo linalokuhusu ukitumia zabibu kavu zilizohifadhiwa kwa dawa hiyo. Ukitazama jiko lako utaona kwamba karibu orodha yote imo humo, isipokuwa samaki na kamba. Karanga si ndugu wa korosho, bali ni jamii ya kunde, kwa hiyo kamwe usiandike neno la jumla la kuzifunika zote mbili. Kila moja itajwe kwa jina lake.

Kuhusu ufuta nitasimama kidogo, kwa kuwa watu wengi hapa kwetu hawaufikirii kama kitu cha kudhuru. Binti Mwingereza wa miaka 15 aitwaye Natasha Ednan-Laperouse alifariki mwaka 2016 baada ya kula mkate ambao ufuta wake ulikuwa umekandiwa ndani ya unga, hauonekani kwa juu, na kifungashio hakikuutaja. Kutokana na kifo hicho ilitungwa sheria nchini Uingereza, iliyoanza kutumika Oktoba 2021, inayowataka hata wanaofungasha chakula pale pale wanapokiuzia waandike viambato vyote. Mikate yako ya ufuta inajitangaza yenyewe kwa kuwa mbegu ziko juu. Zile zinazodondoka mezani na kuingia katika donge la skonzi ndizo zisizojitangaza.

Katika kuandika, jihadhari na majina yetu ya mazoea. Tunaposema "siagi" wengi wetu tunamaanisha majarini, na mtu mwenye mzio wa maziwa anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na kama ni majarini, iwapo kopo lenyewe linataja maziwa au soya. "Unga" hautoshi; sema ni wa ngano, wa mahindi au wa uwele. "Mafuta" hayatoshi, sema ni ya alizeti, ya karanga au ya ufuta, na ukumbuke kwamba mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo bila kusafishwa kiwandani hubaki na protini ya mbegu. Vile vipambo vya rangi alivyokuuliza daktari, pamoja na chokoleti, mara nyingi tunavinunua vikiwa vimepimwa dukani na kutiwa katika mifuko isiyo na maandishi. Mwombe muuzaji akuonyeshe kifungashio cha asili, ukipige picha upande wa viambato, uihifadhi. Akikataa au akiwa amekitupa, usinunue kwake kitu hicho. Chokoleti nyingi zina maziwa na lesithini ya soya, yaani kiungo cha kushikamanisha mafuta na viambato vingine, na baadhi hutengenezwa mahali panaposagwa lozi. Ukibadilisha aina ya majarini kwa sababu ile ya kawaida imeadimika, lebo nayo ibadilike siku hiyo hiyo.

Kinachonipa wasiwasi kuliko keki ya ndizi ni biskuti zako za uwele. Uwele, kama ulivyo mtama, hauna gluteni, na ninajua kwamba wapo watu wanaozinunua biskuti za namna hiyo kwa sababu ngano inawadhuru, wengine kwa mzio na wengine kwa ugonjwa wa siliaki, ambao huharibu utumbo polepole bila kuvimbisha midomo. Hujaniambia uwele unausagia wapi, lakini ikiwa ni mashine ya mtaani, fikiri ni nini kilichosagwa kabla ya debe lako. Katika mitaa yetu mashine hiyo hiyo husaga unga wa lishe, ambao akina mama huuchanganya kwa mahindi, mtama, soya na karanga, na pengine husaga ngano pia. Unga wa mteja aliyetangulia hubaki ndani ya mashine na hutoka pamoja na wako. Kila mwanamke aliyewahi kupeleka uwele akarudi na unga wenye madoa meupe ya mahindi anajua ninachokisema. Kumwomba mwenye mashine apitishe kwanza kilo chache za uwele wako, kisha uzitenge kwa matumizi mengine, kunapunguza tatizo bila kuliondoa. Mpaka utakapopata mahali panaposaga uwele peke yake, usiandike wala kumwambia mteja yeyote kwamba biskuti hizo "hazina ngano". Andika: "Unga wa uwele umesagwa kwenye mashine inayosaga pia karanga, soya na ngano." Baadhi ya wanunuzi wa Mtumba wataziacha, na wale watakaoziacha kwa sababu hiyo ndio hasa waliopaswa kuziacha.

Jikoni kwako, badili mpangilio wa siku. Visivyo na karanga wala ufuta vitangulie asubuhi, biskuti za karanga na kashata zifunge kazi, kisha kila kitu kioshwe kwa maji na sabuni, kisuuzwe na kukaushwa: trei, mabakuli, miiko, chekeche, na meza yenyewe. Dawa ya kutakasa mikono huua vijidudu, lakini haiondoi protini ya karanga. Sabuni na maji ndivyo vinavyoiondoa. Nunua trei mbili, mwiko mmoja na chekeche moja za karanga peke yake, uzitie alama ya rangi ambayo binti anayekusaidia hawezi kuikosea, kwa kuwa chekeche na brashi ya kupaka mafuta ni vigumu mno kuvisafisha hadi uwe na uhakika. Mafuta ya kukaangia maandazi yasiwe yale yaliyokwisha kukaangia kitu chenye karanga au ufuta. Karanga zilizosagwa zikae katika ndoo yenye mfuniko, chini ya rafu na si juu yake. Na kwa kuwa jiko ni la familia pia, mboga ya karanga ya nyumbani isiungwe wakati keki za watu zinapoa pembeni.

Baada ya hayo ndipo uandike. Kwa keki yako ya ndizi, kwa kukisia mapishi ambayo hukunitajia, lebo ingesomeka hivi: "Keki ya ndizi. Viambato: unga wa NGANO, ndizi mbivu, sukari, MAYAI, majarini (mafuta ya mimea, maji, chumvi, lesithini ya SOYA), MAZIWA, baking pauda, vanila. Ina ngano, mayai, soya na maziwa. Imeokwa katika jiko linalotumia pia karanga na ufuta." Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia, na vyenye kuleta mzio huandikwa kwa herufi kubwa au nzito ili jicho lisivipite. Ongeza uzito halisi, tarehe ya kuoka na ya mwisho wa kutumika, namna ya kuhifadhi, na jina lako pamoja na mahali ulipo. Picha ya keki inaweza kupungua ukubwa ili maneno yapate nafasi.

Lebo hiyo ibandikwe kwenye boksi lenyewe. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunadhani ujumbe tuliomtumia mteja kwenye simu unatosha, ilhali anayeagiza keki mara nyingi siye anayeila. Keki ya siku ya kuzaliwa hupelekwa shuleni na kugawiwa watoto arobaini ambao wazazi wao hukuwahi kuzungumza nao, na mwalimu anayeikata hana ujumbe wako. Kwa skonzi unazozipeleka dukani bila kufungwa, mpe mwenye duka kadi ya kusimamisha mbele ya kabati, na umwelekeze asizichanganye katika sinia moja na za karanga.

Wifi yako umwambie, kwa heshima anayostahili mtu aliyekuamini na fedha zake, kwamba orodha ya viambato haitaji vipimo, wala muda wa kuchapa mayai, wala joto la oveni yako, na huko ndiko siri ya mwokaji iliko. Kila mtu Dodoma anajua kwamba keki ya ndizi ina ndizi. Tena huenda ukapata wateja ambao hukuwa nao, kwa kuwa familia zenye watoto wenye mzio huwa zinatafuta kwa taabu mtu mmoja wa kuaminika, na wakimpata hawamwachi.

Kwa upande wa sheria, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na kiwango cha Afrika Mashariki kinachohusu lebo za vyakula vilivyofungashwa ni EAS 38. TBS wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Anzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambao huwapa wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS, na umwone afisa afya wa kata yako kuhusu jiko na upimaji wa afya yako na ya binti. Peleka mfano wa lebo yako ili waikosoe kabla hujachapa nyingi.

Jambo jingine nisingependa liachwe. Ukipigiwa simu tena kwamba mtu amevimba midomo, anakohoa, anapumua kwa shida, anatapika au amelegea baada ya kula chakula chako, neno lako la kwanza liwe kwamba apelekwe hospitali wakati huo huo, la pili liwe orodha kamili ya viambato, nawe uitume kwa maandishi. Sindano ya adrenalini ndiyo tiba ya mzio mkali; vidonge vya mzio vinavyouzwa madukani hupunguza mwasho, lakini havifungui njia ya hewa inayoziba. Usishauri apewe maziwa, kama tulivyozoea kwa kudhani yanakata sumu. Maziwa hayaondoi mzio, na huenda ndiyo yenyewe yaliyomdhuru. Bandika orodha ya viambato vya kila bidhaa ukutani jikoni, ili hata binti aweze kuisoma kwenye simu wewe ukiwa sokoni Majengo.

Nimebakiza keki ya ubatizo. Ninakushauri usiipokee. Mtoto huyo amekwisha kupata shambulio kali, vifaa vyako bado ni vile vile vilivyopita kwenye karanga, na sherehe haikupi muda wa kutosha wa kutenga trei, kumfundisha binti mpangilio mpya na kujiridhisha kwamba unafuatwa hata siku ambayo wewe hupo. Mwambie mama sababu hizo waziwazi utakapokwenda kumwona, na umwambie pia unachokwenda kukibadilisha. Baadaye, ukiwa umekwisha kufanya kazi kwa mpangilio huo mpya kwa miezi kadhaa, mwalike jikoni kwako siku isiyo ya kazi, umwonyeshe trei zenye alama, ndoo ya karanga na picha za vifungashio ulizozihifadhi, kisha yeye na daktari wa mtoto ndio waamue kama mtoto atakula tena keki ya mkono wako.

Mshauri wako